Mavuno Niliyomtajia Mkweo

Lipangalala,
Ifakara.
4 Agosti 2025

Mpendwa mwanangu Odilia,

Marahaba. Nimeitika kabla hujaniamkia, maana najua shikamoo yako huwa haichelewi. Hujambo huko Mwanza? Mumeo Sayi hajambo? Kile kichwa kilichokuwa kinakugonga tangu Pasaka kimetulia? Sisi huku tunapumua. Mke wangu Theresia magoti yanamsumbua, ila mdomo ni mzima kabisa, haujapata hata mafua.

Masika maji yalifika mlangoni. Kambale alikutwa chini ya kitanda cha Alfonsi, kitinda mimba wangu, na nikikutajia urefu wake utasema mjomba kaanza, basi naacha. Mpunga hata hivyo tulivuna, na ndiyo habari inayoniuma.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu mdomo wangu hutangulia, akili ikaja nyuma kwa miguu. Kwenye karatasi nikiongopa nafuta. Hii ni karatasi ya nne.

Zile karatasi za hospitali ulizonitumia Novemba, pamoja na ule ukurasa ulioutoa mtandaoni unaosema kuna nchi wanatumia seli za mtu mwenyewe kufufua ukuta wa kizazi uliojaa makovu, nilizipata zote. Ulisema nisimwonyeshe mtu, niulize tu kwa wataalamu. Nikakujibu usiwe na wasiwasi, madaktari wa Ifakara wote ni watu wangu. Mwanangu, watu wangu ni mbu. Miaka kumi na miwili nimewakamatia watafiti mbu, nimekaa nimekunja suruali hadi magotini, mpaka mbu wa bonde zima wanaijua damu yangu kuliko ndugu zangu. Lakini daktari wa kizazi nilikuwa simjui hata mmoja.

Desemba, kabla sijamuuliza mtu yeyote, mkweo mzee Zakayo akaja kutoka Malinyi. Alikuja kwa heshima, na maziwa mgando juu. Akasema huu ni mwaka wa saba wa ndoa bila mtoto, ukoo wake unamsukuma, wanataka Sayi aongezewe mke. Yeye mwenyewe hana haraka, ila anataka kusikia neno kwangu, kwa kuwa baba yako hayupo na mimi ndiye niliyesimama kupokea ng'ombe wako.

Ningeweza kumwambia sijui. Lakini unanijua. Majirani wawili walikuwa wamekaa hapo barazani wanasikiliza, nami nikikosa jibu mbele ya watu huwa naumwa kweli kweli.

Nikamwambia, "Mkwe, dawa imepatikana. Wanachukua mbegu za uhai ndani ya mfupa, wanazikuza kama miche ya mpunga kitaluni, zikishika wanazipandikiza kizazini. Kwa watafiti pale ni mimi kupiga simu tu."

"Lini?" akauliza.

"Mpunga huu tunaopanda, ukivunwa, Odilia ana tumbo."

Mzee akanipa mkono. "Basi nimesikia. Nitawaambia wangoje mavuno."

Nikamsindikiza hadi stendi nikijiona nimekuokoa.

Februari ndipo nilipompata Daktari Elineema, bingwa wa magonjwa ya wanawake aliyekuja hapa mjini kwa wiki moja. Nilipanga foleni tangu asubuhi, mwanamume peke yangu kati ya kina mama, wananiangalia kama nimepotea njia. Daktari alisoma karatasi zako zote, hakuruka hata moja. Akaniuliza ulisafishwa kizazi mara ngapi ile mimba ilipoharibika. Nikamwambia mara mbili. Akasema hapo ndipo ule ukuta wa ndani ulipokwanguliwa sana, na badala ya kuota upya ukapona kwa makovu, pande zikashikana. Na huko Mwanza wameshayakata makovu mara mbili, yamerudi.

Nikamuuliza habari ya seli. Akasema, "Mzee wangu, hujadanganywa, zipo. Lakini ni utafiti bado. Waliojaribiwa ni wachache. Baadhi walishika mimba, wengine hawakushika, na hata walioshika hakuna mwenye hakika kama ni seli au ni bahati."

"Na hapa kwetu?"

"Kwa tatizo hili, hapa hakuna ninapoweza kumpeleka. Na atakayekuambia anaziuza, mkimbie."

Nikaona nitoe nilichonacho. "Basi chukueni zangu, Daktari. Mimi nina watoto wanane, seli zangu ni za kazi." Nesi aliyekuwa pembeni alicheka mpaka akaweka faili chini. Daktari hakucheka. Alisema hata za kwako mwenyewe hazijathibitika, sembuse za mjomba. Kisha akasema, "Kwa kizazi kilichoshikana kiasi hiki, sina cha kumpa. Mwambieni ukweli mapema."

Mapema, mwanangu. Mimi nikakaa kimya miezi mitano. Kila Jumapili ulipopiga nikakuambia mambo yanaiva. Ukaniambia umeshaomba likizo ya kuja kutibiwa, nami nikakuitikia vizuri sana.

Wiki iliyopita nilikwenda Malinyi mwenyewe. Nilimweleza mzee Zakayo yote kama alivyosema daktari, sikuongeza chumvi hata punje. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mkwe, siku ile ungeniambia hujui, ningengoja hata miaka. Nani alikuomba tarehe? Wewe ndiye uliyetaja mavuno, nami nikayapeleka kwa ndugu zangu kama neno la mtu mzima. Mpunga uko kwenye magunia. Niwaambie nini?"

Nikamwomba aniongezee msimu mmoja.

"Kwa sababu ipi?"

Sikuwa nayo.

Wamemwita Sayi afike Malinyi mwisho wa mwezi huu. Binti wameshamwona. Wanasema wewe hufukuzwi, utabaki mke mkubwa na heshima yako. Mama mkwe wako Brigitha alinifuata njiani akilia, akasema anakupenda, lakini si yeye anayekata shauri. Mimi nakumbuka ulivyosema siku ya harusi yako, kwamba nyumba ya wake wawili hutaiweza. Sayi atajibu nini sijui. Safari hii naandika sijui kwa maandishi makubwa. Muulize wewe mwenyewe kabla hajapanda basi, usingoje kusikia kwa watu.

Yule wa Dar uliyenitumia tangazo lake, anayesema anapandikiza seli kwa siku tatu, nakuomba usiende. Nilimwonyesha daktari lile tangazo, akatikisa kichwa tu.

Na likizo uliyoomba, irudishe.

Mama yako, dada yangu Agnella, bado sijamwambia. Nitamwambia Jumapili baada ya misa, nikiwa nimekaa chini, na atakachonifanya ni haki yake. Theresia anakusalimu, amekaa hapa anahakikisha sifuti nisichopaswa kufuta. Alfonsi anakusalimu pia. Binamu yako Rosemery anasema ukitaka kuja kukaa, siyo kutibiwa, kukaa tu, chumba chake kina nafasi.

Mungu akushike pale nilipokuachia mimi.

Akupendaye, ingawa ndiye aliyekuharibia,
Mjomba wako,
Festo