Nani Anamusinyia Madamu

Siku ya kwanza ya juma, 4 mwezi wa tatu 1957
Suruali mbili tangu asubuhi. Mishono yangu imenyooka kuliko ya fundi mukubwa, na yeye anajua. Yaya Feza, dada yangu, bado iko fuaye, pale Wabelgiji wanafundisha wamama kazi za nyumba. Leo somo ni kufua. Madamu anafundisha kufua! Nguo zake za ndani anafua Ruben, baba ya watoto saba, na anaitwa boi.

Siku ya tatu, 6
Madamu amewaambia wamama kwamba mwanamuke mweusi ni mutumwa wa bwana yake, na yeye amekuja kumupa uhuru. Akisema hivyo, wamama wawili wanamushikia mwavuli.
Lakini anatafuta mwalimu wa kushona, mwenye mushahara. Yaya anamupita Madamu mwenyewe kwa sindano. Akipata, atabaki kwetu Songo na mutoto wake. Asipopata, Kashindi, mudogo wa marehemu bwana yake, atamurithi, eti ndiye wa kulisha mutoto. Kashindi! Bibi wawili tayari, na harufu ya samaki ndagala.

Siku ya tano, 8
Karatasi ya kazi ya Yaya imekuja. Mwanamuke hasinyi jina lake peke yake, lazima mwanaume wa nyumba. Baba alikufa. Basi ni minye, mudogo wake! Miaka kumi na nane, nilifukuzwa shule kwa sababu ya ulimi, leo namusinyia mutu aliyenibeba mugongoni. Nilisinya jina langu kwa mikia mitatu. Yaya aliangalia pembeni.

Siku ya posho, 9
Tumepeleka karatasi fuaye. Karani akasema tungoje: hata ya Madamu, ya kumuruhusu kufanya kazi, inangoja bwana yake arudi toka Usumbura aisinye.
Yaya akamugeukia Madamu mbele ya wamama wote. "Kumbe na weye iko mwanaume anakusinyia? Nani basi atakupa weye uhuru?"
Wamama walicheka mpaka machozi. Madamu akawa mwekundu kama mawese.
"Usijilinganishe na minye," akasema.
Akapasua karatasi yetu. Yake ilibaki mezani, safi. Angeweza kucheka nao. Alichagua ngozi.

Siku ya Mungu, 10
Nimeizungusha habari mutaa wote wa Kilibula, na chumvi juu. Watu wamevunjika mbavu. Yaya hakucheka. Hakula.

Siku ya pili ya juma, 12
Kashindi amekuja na mbuzi. Akaniuliza minye: "Shemeji, unasemaje?" Yaya alikuwa ameketi pale pale, Kashindi hakumuangalia hata kidogo. Kichwa kilinivimba. Nilipenda. Halafu nikajichukia, maana Madamu naye anapenda hivyo, kuamulia wengine.
Nikamuambia mutu mwenyewe huyu hapa, amuulize.
"Sitaki," Yaya akasema.
Kashindi akasema tutaona nani atalisha mutoto. Akavuta mbuzi wake, akaenda.

Siku ya ine, 14
Mvua. Yaya amekwenda bonde la Ruzizi kulima mihogo ya watu, apate cha kumulisha mutoto. Mutoto analala hapa barazani kwa fundi, juu ya vitambaa. Nakanyaga cherehani polepole.