Baba karudishwa stesheni na kitanda

Shoga, acha unachofanya. Baba yuko stesheni.

Si lile lori la reli linaloleta mizigo mpaka huku kijijini limemletea kitanda? Akagoma kusaini. "Sisaini kitanda sijakilalia." Akakipanda humo humo lorini, akajinyoosha. Usingizi ukampitia.

Dereva katoka kunywa chai kwa mama, karatasi haina sahihi, mwenye mzigo haonekani. Akafunga turubai bila kuchungulia, huyoo.

Yaani amelala njia nzima. Na mashimo yale.

Sasa karani wa stesheni kanipigia, eti mzee hataki kushuka, anasema bado anakijaribu. Wafanyeje?

Nikampa mama simu.

"Kitanda leteni, nitasaini mimi. Huyo aliyelala juu yake sikumwagiza."