Jumamosi Zako, Baba

Mwaka umekatika, Baba, tangu uanguke karakanani ukiwa na spana mkononi, na bado tumeduwaa. Asubuhi ile ulimtania Mama kwamba chai yake ingeweza kuzibua bomba. Ulikuwa mzima kabisa. Jambo kama hilo mtu analizoeaje?

Ulikuwa fundi bomba usiyejua kusema hapana. Jirani akibisha hodi ukiwa unakula, unanawa mikono na kubeba mkoba. Vitani ulikwenda ukiwa kijana, ukarudi mtu wa kushtuka kila mlango ukibamizwa. Tulichojua ni hiki tu: uliugua homa, rafiki yako akashika zamu yako ya ulinzi, akauawa. "Ile risasi ilikuwa yangu," ulituambia mara moja, ukainuka mezani.

Halafu zile Jumamosi zako! Unaoga, unachana nywele, unaondoka na mkoba, unarudi jioni bila maelezo. Mama alishikilia kuwa una nyumba ndogo. Alinuna, alifoka. Wewe unacheka tu: "Mke wangu, ningekuwa na mwingine ningechana nywele mbele yako?"

Siku ya mazishi akaingia bibi kizee tusiyemjua, analia, "Mwanangu, mwanangu!" Mama akamwendea: "Samahani mama, huyu ni mume wangu. Wewe ni nani?"

Alikuwa mama mzazi wa yule rafiki yako. Kumbe miaka yote hiyo ulikuwa kwake, unaziba paa, unamvutia maji hadi jikoni, unampeleka hospitali! Mama alikaa chini palepale.

Bibi anasema kila ulipokwenda alikuambia, "Hukumuua wewe. Kaa ule." Hukukaa. Ulikula umesimama mlangoni, kiti cha mwanawe kikiwa wazi. "Nikimaliza kazi nitakaa, mama," ulimjibu, kisha ukatafuta bomba lingine la kukaza.

Jumamosi ya mwisho uliweka spana chini, ukavuta kile kiti, ukakaa. Ukala, ukasinzia, ukakoroma. Hakukuamsha. Mama aliposikia hayo alilia upya, kwa sababu kwetu hukuwahi kulala hivyo tangu umwoe.

Unakumbukwa na mkeo, ambaye sasa huenda kwa Bibi kila Jumamosi, binti yako mshonaji, mwanao dereva na mkewe, wajukuu wako, na huyo mama yako mwingine, aliyezika wana wawili.

Lala, Baba, ukorome upendavyo. Hatutakusahau maisha yetu yote.