Hatua Arobaini Kutoka Ufukweni

Jumatatu, 6 Machi 1944

Mvua. Baiskeli imepata pancha tena, nimetembea. Ghala la chini la maktaba lina baridi kuliko nje. Tunafanya kazi na makoti mwilini, vidole tu ndivyo viko wazi.

Magunia kumi na moja leo. Watu bado wanatuma! Redio iliomba picha za likizo za pwani ya ng'ambo, aliko Mjerumani sasa, miaka miwili iliyopita, na nchi nzima ikamwaga madroo. Mashangazi juu ya punda. Wachungaji waliokunja suruali. Hakuna aliyeambiwa picha ni za nini, na hakuna aliye mjinga.

Tunachotafuta ni mtu aliyesimama majini. Ukikadiria kimo chake, ukaona maji yamemfika wapi na yuko hatua ngapi kutoka nchi kavu, umepata mteremko wa ufukwe. Hapo unajua mashua ya askari itakwama wapi, na askari atarukia maji ya kina gani. Basi, tunapima magoti ya watu walioenda likizo. Mama yangu anadhani napanga vitabu.

Majina ya fukwe siyaandiki hata hapa. Daftari lenyewe haliruhusiwi, linalala kwenye kopo la unga. Nimezibatiza majina ya jikoni: Siagi, Chumvi, Haradali, Siki.

Jumatano, 8 Machi

Enid Lomax, mwenzangu wa meza, amepata picha ya Siagi. Meja Tolland, mkuu wetu, amekuja mwenyewe mezani kuiona. Faili la Siagi lilikuwa na kanisa mara tisa, hoteli mara ishirini, na hakuna hata mtu mmoja aliyeingia maji mbali na ukingo.

"Huyu hapa, Meja," Enid akamwambia. "Mwanamke, maji ya magoti, hatua arobaini kutoka ukingoni. Mchanga sawasawa kama sakafu."

"Bi Lomax, mwaka huu umenifurahisha kuliko mke wangu."

"Nitamwandikia barua nimweleze."

Meja akacheka, jambo ambalo hufanya mara mbili kwa mwaka. Kisha picha ikaja kwangu, maana sheria yetu ni kwamba kila kipimo kipimwe na watu wawili na wote watie sahihi. Enid akanisukumia: "Haya shoga, mpige rula na wewe. Mpiga picha naye hamnazo, kivuli chake kimeingia mpaka kofia."

Nikashika kioo cha kukuzia. Mwanamke ameangalia kando, kofia ya ukili imemfunika uso. Nyuma ya picha pameandikwa jina la Siagi, Julai 1936.

Magoti ni yangu.

Nikapima. Hatua arobaini, maji ya magoti. Nikatia sahihi chini ya sahihi ya Enid. Kipimo ni cha kweli. Ila pale si Siagi.

Alhamisi, 9 Machi

Niandike wazi, pengine kichwa kitatulia.

Picha ilipigwa Chumvi. Aliyepiga ni Wilfred Lomax, mume wa Enid. Enid alikuwa Scotland akimuuguza mama yake. Mimi nilimwambia mama yangu nakwenda Siagi na Winnie, ambaye shangazi yake alikuwa na nyumba ya wageni kule. Mama akaibandika picha kwenye albamu na kuandika nyuma yake kwa mkono wake kile nilichomwambia. Redio ilipoomba, akaibandua akaituma. Mzalendo, mama yangu. Majina ya watumaji yanabaki ghorofani kwenye kadi, huku chini tunaona namba tu. Ndiyo maana Enid hakushtuka.

Yalikuwa mambo ya kiangazi kimoja na kipande cha vuli. Yakaisha bila kelele. Nilipoletwa hapa mwaka '42 nikakalishwa karibu na mwanamke mchangamfu, akaniambia anaitwa Lomax, mumewe mwalimu wa jiografia. Nilijua siku ileile. Ningeomba meza nyingine, sikuomba. Halafu nikampenda. Ananiletea jemu, ananisema kwa kutokula. Sijawahi kuwa na rafiki kama yeye, na niseme hivyo bila kujitetea.

Tatizo ni hili. Siagi tulikwenda pia, alasiri moja, kwa basi. Niliingia baharini. Hatua kumi, maji yakawa kidevuni! Wilfred alinivuta kwa mkono. Hakuna picha ya mtu aliyesimama mbali na ukingo kule kwa sababu hakuna anayeweza kusimama.

Na askari hubeba mzigo wa ratili sitini.

Lakini pengine hakuna atakayekwenda Siagi. Meja husema tunakusanya kila ufukwe kuanzia Norway hadi Hispania, ili yeyote kati yetu akibanwa asiwe na la kumwambia adui. Fukwe elfu. Kutwa nzima nimejipa moyo kwa hesabu hiyo.

Ijumaa, 10 Machi

Jemu ya plamu. Enid anasema kila akimwambia mumewe anialike chakula cha Jumapili, mumewe ana madaftari ya kusahihisha.

"Madaftari gani hayo, shule nzima ina wavulana mia!"

Nimesema na mimi nina mafua.

Jumatatu, 13 Machi

Nimepeleka bahasha ghorofani, nikakuta mlango wa watengeneza mifano uko wazi. Juu ya meza kuna ufukwe mzima wa plasta, ukubwa wa kitanda. Kanisa, hoteli, ukuta wa bahari. Siagi. Wanaume watatu wameuinamia, wanakwangua mteremko uwe wa taratibu, kama tulivyowaandikia mimi na Enid.

Mmoja, mhandisi wa jeshi mwenye jino lililovunjika, akaniona nimesimama.

"Usiogope, dada. Hapa hata bibi yangu anashuka bila kulowesha sketi."

"Na wewe utashuka?" Swali lililokatazwa. Lilinitoka tu.

Akapuliza vumbi la plasta. "Mtu yeyote atashuka," akasema. Wenzake wakaangalia sakafu.

Hawatengenezi mfano wa kila ufukwe. Plasta yenyewe ya mgawo.

Nimeogopa. Niliketi ngazini.

Jumanne, 14 Machi

Nimemwambia Meja. Nilisimama, hakunikaribisha kiti mpaka nilipofika kwenye habari ya magoti.

Alisikiliza akikunja na kukunjua karatasi ile yenye sahihi mbili. Akauliza kwa nini nilitia sahihi. Nikasema niliona aibu. Akasema aibu imegharimu siku sita.

Halafu akasema ndege zimepiga picha za Siagi kutoka juu, lakini maji ya kule ni ya tope, chini hakuonekani. Kwa hiyo kuna picha hii na kuna maneno yangu. Na maneno yangu ni ya mtu mmoja.

"Sheria unaijua, Bi Quilley. Watu wawili. Nani alipiga picha?"

Nikamwambia hilo sitasema.

"Mimi si mchungaji. Sitaki kujua mlilala wapi. Nataka kujua maji yalifika wapi."

Nikamtajia.

Akaliandika jina. "Lomax. Wa Bi Lomax wetu?"

"Ndiyo."

"Atakubali?"

Sijui. Nimemwambia hivyo hivyo, sijui. Wilfred ni mzee wa kanisa sasa, na anatajwa kuwa mwalimu mkuu ajaye. Anachotakiwa kusema ili awe salama ni kwamba hajawahi kufika kule na mimi, na hakuna wa kumbishia ila mimi. Akisema hivyo, maandishi ya nyuma ya picha yanashinda. Mifano inaondoka Alhamisi. Hakuna muda wa kutuma mtu akapime kwa mguu wake.

Jioni tulisukuma baiskeli pamoja mimi na Enid mpaka darajani. Nilitaka kumwambia. Alikuwa anaeleza namna alivyopata vitunguu viwili kwa muuza samaki, na alivyombembeleza. Alifurahi sana na vitunguu vyake. Tukaagana.

Jumatano, 15 Machi, saa saba mchana

Naandikia kwenye benchi la uani, mkate magotini. Sijawahi kuleta daftari hili kazini. Leo nimelileta.

Wilfred amekuja saa sita na robo. Amenenepa, nywele zimerudi nyuma. Enid alimwona akishuka ngazi akasimama na rula mkononi.

"Wewe! Umefuata nini huku, shule imeungua?"

"Meja ameniita. Mambo ya jiografia."

"Hatimaye wamegundua una akili. Niachie koti, humo ndani wana jiko la makaa."

Akampa koti. Mimi hakunitazama hata mara moja, na nilikuwa umbali wa meza moja. Akaingia ofisini kwa Meja, mlango ukafungwa.

Enid alilikunja koti lile akaliweka mapajani, akaendelea kupima watoto wa Haradali. Akaniambia Meja pengine atampa Wilfred kazi, na itakuwa vizuri, tutakuwa tunarudi watatu. Akauliza mbona nimekuwa mweupe vile. Dakika ishirini. Thelathini. Sauti ya Meja ilisikika, ya Wilfred haikusikika kabisa. Nilijaribu kusoma uso wa mlango. Nikasema naenda kula.

Kwa hiyo nimekaa hapa sijui. Akikana, nitarudi kwa Meja, nitaapa kwa Biblia, nitapiga magoti, na atanijibu tena kwamba mimi ni mtu mmoja. Na yule mwenye jino lililovunjika atashushwa hatua arobaini kutoka ufukweni akiamini maji ni ya magoti. Akikubali —

Enid ametoka.

Amesimama mlangoni bila koti la mumewe wala lake. Anatafuta mtu. Ameniona. Hafuati njia ya mawe. Anakata katikati ya nyasi, ambako hata Meja haruhusiwi kukanyaga, na bawabu anampigia kelele, hageuki. Analia, na hajifuti.

Basi Wilfred amesema kweli. Plasta itakwanguliwa upya. Mungu anisamehe, nimefurahi, na huyu anayekuja ndiye rafiki pekee niliye naye.

Nilifunge daftari. Hapana. Nitaliacha wazi, alisome mwe