Neno Jipya la Siri

Dada yangu Lule,

Sisi huku Korçë hatujambo. Theluji imeyeyuka, na mama mkwe bado analalamika kwamba pai yangu ya byrek haina chumvi.

Laptop yangu, ninayojiandalia ule mtihani wa kazi ya uuguzi Ujerumani, iligoma kushika waifai ya nyumbani. Simu zote zilishika, yenyewe tu ikakataa. Niliizima na kuiwasha, nikaandika neno la siri upya, wapi! Mwishowe nikaingia kwa simu kwenye mipangilio ya kisanduku cha intaneti, nikakuta laptop yangu imezuiwa.

Nilipomuuliza mume wangu Skënder, hakuona hata haya. "Nimeizuia mimi. Mke wangu akauguze vizee vya Ujerumani? Nani kakuruhusu?"

"Kwani nani kakwambia naomba ruhusa?"

Nilivua hereni mbele yake, nikachomeka ncha yake kwenye kitundu cha nyuma ya kile kisanduku mpaka taa zote zikazimika. Kilipowaka kilikuwa kimesahau kila kitu, nami nikaweka neno langu mwenyewe la siri. Nyumba nzima ikakosa mtandao isipokuwa mimi. Tangu hapo hatusemeshani, na usiniulize ninalala chumba gani.

Jana mama mkwe alinifuata jikoni kwa sababu tamthilia yake ya Kituruki imekatika. Nikamwingizia lile neno kwenye simu yake. Akachungulia mlangoni, kisha akaninong'oneza, "Huyo mwanangu usimpe mpaka umalize mtihani."

Mtihani ni Jumatano. Nitaufanyia kwenye laptop, sebuleni, mlango wazi.

Mdogo wako asiyerudi nyuma,
Dafina