Ulichomwambia Afisa

3 Februari

Dada,

Hujambo wewe? Mgongo umepungua? Shemeji na mwanao Kidoti nao hawajambo? Mimi mwili mzima, roho ndiyo inafuka moshi.

Jana niliitwa ofisi ya ustawi wa jamii. Nikafunga cherehani mbio, sare za shule za watu nikaziacha mezani hazina vifungo, nikijua naenda kuambiwa siku ya kumchukua mtoto wa kulea. Unajua nimekaa wiki ngapi kwenye yale mafunzo ya walezi? Tisa. Kila Jumamosi, kwenye kile kiti cha plastiki kinachobana mapaja. Nyumba yangu imekaguliwa mpaka chini ya sinki. Nimejaza fomu inayouliza nililelewaje, nani alinipiga, nani alinibembeleza. Kitanda kidogo nimekinunua, kipo tayari. Na afisa alikwishaniambia ni nani: msichana wa miaka sita, anapenda kuchora, hasemi sana.

Basi afisa akafunga faili. "Ombi lako tumelisimamisha kwa sasa," akasema. "Tumezungumza na dada yako."

Nikacheka, haki ya Mungu. "Dada yangu? Si nimemwandika mimi mwenyewe awe mdhamini wangu?"

"Ndiye huyohuyo."

Hakunisomea yote. Alisema tu, "Kuna tukio la shuka." La shuka! Miaka saba imepita, dada! Nilikuwa na miaka ishirini na nne, wewe umelazwa kwa upasuaji, nikaacha kibarua changu nije kukaa na mwanao wiki tatu nzima. Nilimpikia, nilimsuka, nilimpeleka shule na kumrudisha. Hayo hukuyaona? Kama ulikuwa na kinyongo ungenitolea usoni, si kwenda kunichimba kwa mtu wa ofisi. Umeninyang'anya mtoto. Usinipigie simu, sipokei. Andika.

Mdogo wako


11 Februari

Mdogo wangu,

Salamu zimefika, na moshi wako nimeuona. Mgongo ni uleule. Shemeji yako mzima, Kidoti ana mitihani.

Kwa kuwa hukusomewa, nakuandikia mwenyewe. Afisa aliponipigia simu nilimwambia kwamba wewe ni mchapakazi, msafi, una mkono wazi, huna ugomvi na jirani. Akasema anayaandika yote. Halafu akauliza, "Umewahi kumwachia mwanao?" Nikasema ndiyo, mara moja. Akadakia: "Kwa nini mara moja tu?"

Ulitaka niseme nini?

Kidoti alikuwa na miaka saba. Mama yake yuko hospitali, hajui kama atamwona tena. Akakojoa kitandani. Wewe ukamfunika lile shuka bichi kichwani, ukamsimamisha uani, ukawaita watoto wa jirani waje wamwone kikojozi. Wakamwimbia. Akasimama hapo mpaka shuka likamkaukia mwilini. Na hukuniambia wewe! Niliambiwa na mama wa nyumba ya pili, nimerudi na nyuzi tumboni. Nilipokuuliza ukanijibu, "Si ameacha?" Hakuacha. Alikuwa akificha nguo zake nyuma ya tangi la maji mpaka alipofika darasa la sita.

Unasema nimekunyang'anya mtoto. Si wako bado. Na umeandika mwenyewe kwamba hasemi sana. Mtoto asiyesema angemwambia nani?

Dada yako


14 Februari

Dada,

Hali sikuulizi, nisije nikawa mnafiki.

Kwani sisi tulilelewaje? Mama hakutusimamisha uani na mashuka yetu? Wewe ulisimama mara ngapi? Ukafa? Umesoma, umepata kazi, umeolewa, leo una sauti ya kuhukumu watu kwenye simu. Lile nililomfanyia Kidoti ndilo nililofundishwa. Sikumvunja mkono, sikumlaza na njaa.

Endelea na utakatifu wako. Nimewaambia ofisini wafute jina lako kwenye fomu yangu.

Aliyekuwa mdogo wako


20 Aprili

Mdogo wangu,

U mzima? Miezi miwili kimya. Nimesikia kwa fundi mwenzako kwamba Jumamosi bado unakwenda kwenye mafunzo. Sikutegemea.

Kidoti ameikuta barua yako ya mwisho kwenye droo. Nilipoingia chumbani kwake alikuwa amekwisha kuisoma. Akaniuliza, "Kumbe na wewe ulisimamishwa uani?"

Nikasema ndiyo.

"Ulijisikiaje?"

Nikakaa kitandani kwake nikalia, na yeye akasimama mlangoni ananitazama tu.

Uliandika "ukafa?" kama vile unatania. Hapana, sikufa. Lakini hata leo, mama mzima, watoto wakicheka nyuma yangu barabarani nageuka kuangalia nguo yangu. Hilo sijawahi kumwambia mtu. Nimekukasirikia upya kwa kunifanya niliandike.

Dada yako


9 Mei

Dada,

Nakusalimu. Nimepona mafua ila koo bado. Natumaini wote mko salama.

Jumamosi iliyopita mkufunzi aliweka godoro katikati ya ukumbi, akalitandika, kisha akamwaga chupa nzima ya maji juu ya shuka. Akasema, "Ni asubuhi. Mtoto amelowa, anakutazama usoni. Nionyesheni mtafanya nini." Dereva mmoja wa lori, anayehudhuria na mkewe, akaropoka, "Mimi namwanika pamoja na shuka lake!" Ukumbi ukacheka.

Nikanyoosha mkono. Nikasema mimi nimelifanya hilo, kwa mtoto wa dada yangu. Nikalieleza lote, hata wale watoto nilivyowaita mmoja mmoja kwa majina. Kicheko kikakatika. Mkufunzi hakunibembeleza. Aliniuliza, "Siku hiyo ulikuwa na hasira na nani?"

"Na mtoto."

"Hapana. Fikiri tena."

Niliona ananidharau. Nikachukua mkoba nikatoka, nikafika mpaka getini. Pale getini ndipo lilipokuja. Kila asubuhi ya wiki zile Kidoti alikuwa akiniuliza, "Mama anarudi lini?" Na mimi nilikuwa nimesikia daktari alivyosema huenda usipone, sikuwa na jibu la kumpa mtoto, wala la kujipa mimi. Shuka ndilo nililolipata mkononi. Nikarudi ndani, nikawaambia hivyo, nikalitandua lile godoro mwenyewe.

Haikubadilisha kitu ofisini. Msichana amepewa mume na mke wengine. Mimi naanza mafunzo upya, watanitazama tena baada ya miezi sita, na wamesema lazima wakupigie wewe tena. Kitanda kidogo nimekirundikia vitambaa vya wateja, maana kukiona kitupu kunaniumiza.

Bado nina hasira na wewe, dada, usidhani nimekuja kupiga magoti. Ungeniambia kabla ya kumwambia yule. Ila ulichosema ni kweli, na hukutia chumvi.

Humu ndani kuna barua niliyomwandikia Kidoti. Usiifungue.

Mdogo wako


30 Mei

Mdogo wangu,

Pole na koo. Sisi wazima.

Ni kweli, ningekuambia wewe kwanza. Miaka saba nilinyamaza, nikakuita kwenye sikukuu, nikakuwekea chakula, huku mwanangu akila jikoni ili asikae nawe meza moja. Hilo ni langu.

Sikuifungua. Kidoti aliisoma mbele yangu, mara mbili, akaikunja, akaiweka mfukoni. Ndipo akasema, "Mwambie mama mdogo sijamsamehe."

Nikamwambia, "Una miaka kumi na minne. Mwambie mwenyewe."

"Nitamwambia. Na yule afisa akipiga tena, usijibu wewe. Yalinipata mimi, nipe simu mimi."

"Utamwambia nini?"

"Yote. La shuka, na kwamba ameniandikia bila kumsingizia mtu. Halafu waamue wao."

Anakuja kwako Jumamosi ijayo ukitoka darasani, kwa basi la saa nane. Mpokee kituoni. Anarudi jioni ileile, amesema hatalala kwako. Usimwombe alale.

Dada yako