Mikono Yangu Imemtisha Mama Mkwe

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na ukiweza uniharakishie. Jana daktari wa ngozi aliniambia kwamba ukurutu ulio mikononi mwangu hauambukizi hata kidogo, na kwamba aliyeuleta ni mimi mwenyewe kwa kusugua, akanitaka nirudi Alhamisi, na habari hiyo ingenifurahisha kama si kwamba Jumamosi kuna kikao cha kupanga harusi yangu na mama mkwe mtarajiwa hataki tena kunipa mkono.

Mimi ni fundi wa magari, na siku niliyokwenda kujitambulisha nyumbani kwa mchumba wangu nilishika kiti chenye kitambaa cheupe nikaacha alama za vidole vitano, shangazi zake wakacheka, nikaapa mikono hii haitaniaibisha tena, basi kila jioni nikawa naiosha kwa petroli, kisha sabuni ya unga, kisha waya wa kusugulia masufuria, kucha zikang'aa kama za karani wa benki lakini ngozi ikavimba, ikatoa magamba, ikapasuka, na kadiri ilivyowasha ndivyo nilivyozidi kusugua nikidhani ni uchafu uliobaki. Gereji sasa wananiita Kenge. Mama mkwe aliponiona tena alinitengea kikombe cha peke yangu, akamtuma shemeji aniulize kwa upole kama kwetu kuna ugonjwa wa ukoo. Mchumba wangu, ambaye ni fundi cherehani na haogopi mtu, anacheka mpaka anafuta machozi, anasema, “Nilikupenda ukiwa na grisi mpaka kwenye viwiko, nani alikutuma ujichune?” Anataka kumweleza mama yake ukweli, nimemkataza, maana itaonekana namlaumu mama wa watu kwa sababu ya kiti chake, na kwa kuwa daktari amenikataza kusugua, Jumamosi nitafika na kucha nyeusi juu ya ngozi ya kenge, mchafu na mgonjwa kwa pamoja. Je, niombe kikao kiahirishwe?

Fundi wa injini

MSHAURI ANAJIBU

Ndugu Kenge, usiahirishe kitu. Una ugonjwa usioambukiza na mchumba anayecheka. Wapo wanaoniandikia ambao hawana hata kimoja kati ya hivyo. Pole kwa mikono. Lakini hebu niambie, fundi gani huosha injini mpaka akaondoa na gaskiti inayozuia mafuta yasivuje?

Nimempigia simu muuguzi wa ngozi ili nisikuandikie ya kubahatisha. Anasema katikati ya chembe za ngozi kuna mafuta ya mwili wenyewe, yanayozuia maji yasitoke na uchafu usiingie. Petroli haichagui, iliondoa grisi ya gari pamoja na mafuta yako. Tena mafuta hayo hayakai bure. Ngozi ikijeruhiwa, baadhi hugeuzwa kuwa ishara za kuita uvimbe na joto, na mengine huja baadaye kutuliza: kazi imekwisha, kila mtu arudi kwake. Wewe kila jioni ulikuwa ukianzisha ugomvi upya kabla wasuluhishi hawajamaliza kusema.

Petroli ibaki kwenye tangi. Kazini vaa glavu. Grisi ikikushika, ilainishe kwa mafuta kidogo ya kupikia, ifute kwa kitambaa, nawa kwa sabuni laini isiyo na manukato, na mikono ikiwa bado na unyevu pakaa mafuta mazito ya mgando. Dawa ya daktari itumie kama alivyoandika. Ukiona usaha au ukapata homa, usiniandikie mimi, nenda kliniki.

Kucha zitakuwa nyeusi, ndiyo. Binti yao anajua anaolewa na nani.

Sasa mama mkwe. Mficha maradhi kifo humuumbua, nawe unaficha maradhi ambayo hata kuua hayaui. Mama wa watu anawaza wajukuu wenye magamba, wewe unasema unamstahi. Mpigie simu leo hii. Kiti usikitaje. Mwambie, “Mama, nilijisugua kupita kiasi nikitaka nikupendeze, daktari amenikanya.” Akicheka, mambo yamekwisha. Akibaki na shaka, mwombe akusindikize kwa daktari, amuulize mwenyewe kila analotaka, na la ukoo likiwemo.

Kliniki ni Alhamisi. Kikao kinabaki palepale, Jumamosi.